Fanta ya Mashahidi

Kigali ukikaribishwa Fanta kwenye nyumba yenye mazungumzo ya shamba, usiipokee kabla hujauliza. Mimi si wa hapa, mimi ni Mhaya wa Kamachumu niliyekuja kuuza dagaa na unga wa muhogo, lakini hata mimi nilijifunza hilo mwaka wangu wa kwanza. Shamba la huku linaandikwa serikalini, kwa mhuri na kompyuta, ila wenyewe hawaamini kuwa limeuzwa mpaka watu wakae chini, mnunuzi alete kinywaji, na wote waliopo wanywe. Zamani ilikuwa pombe ya ndizi. Siku hizi ni bia, na mnunuzi akiwa Mwislamu ni kreti ya soda, ambayo hapa yote huitwa Fanta hata ikiwa nyeusi tii. Aliyekunywa ameshuhudia, na kesho hana mdomo wa kusema hakukubali.

Sasa niambieni, mtu aliyezaliwa nchi hii, akalelewa na kuzika baba yake nchi hii, anawezaje kuikosea?

Kubwimana aliikosea. Mpaka leo nikimkumbuka na ile chupa tupu mbele yake napandwa na hasira, halafu namhurumia, halafu hasira inarudi.

Nianze na kaka yake, ndiye mwenye nyumba wangu. Rutayisire ana ua mkubwa hapa Niboye, na duka langu liko kwenye kona ya ua huo, linatazama barabara. Ujanani aliendesha malori ya kwenda Dar, na Kiswahili chake ni cha barabarani, hakina breki. Ni mgane, anaishi peke yake, na kila faranga anaimwaga kwenye vyumba vya kupangisha anavyojenga nyuma ya ua. Jumamosi moja mchana alinijia dirishani.

"Mama Eustadia, funga duka kidogo. Kuja ukunywe Fanta."

"Fanta ya nini?"

"Ya shamba. Ile ya Bugesera."

Niliacha mizani pale pale, kwa sababu nilimjua anayelilima.

Bugesera ni mwendo wa basi tu kusini mwa mji. Shamba lenyewe lilikuwa la marehemu baba yao, mteremko wa udongo mwekundu unaoshuka hadi bondeni, mahali ambapo nyanya hazikauki hata kiangazi. Wakati ardhi ya nchi nzima inaandikishwa, Kubwimana alikuwa kijana mdogo, basi Rutayisire akaliandika lote kwa jina lake. Hakuna aliyelalamika. Siku ya kumaliza matanga alisema mbele ya baba zao wadogo: mdogo wangu atalima, na siku akipata hela atanipa kiasi hiki, nami nitamwandikia. Bei ikatajwa, bei ya kindugu. Kubwimana akajenga pale, akamleta Béatha, wakazaa, wakalima. Hela haikupatikana.

Béatha ndiye ninayemjua zaidi. Alilelewa Bujumbura na wazazi wakimbizi, na Kiswahili chake kinakipita cha shemeji yake mbali sana. Kila mwezi huniletea unga wa muhogo. Zamani akifika Niboye, kabla hajanywa hata maji, aliingia kwanza kwa Rutayisire na kumfulia mashuka. Hakuna aliyemwamuru. Rutayisire ndiye aliyekuwa akiwalipia mituweli, ile bima ya afya, kila mwaka, na mwaka wa ukame aliwapelekea gunia la mahindi. Mtu wa namna hiyo utamkatalia nini? Alifua.

Halafu pesa zikaja. Shirika moja lilipita kijijini kwao nyumba kwa nyumba, likasema kila kaya itatumiwa pesa kwenye simu, si mkopo, na kila mtu afanye anachotaka. Béatha aliponisimulia nilicheka mpaka nikashika meza. "Wafadhili gani hao wanaotoa pesa bila semina?" Nikamwambia awafungie mlango, hao ni matapeli. Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Zilikuja kweli, kwa awamu mbili. Simu ya Kubwimana ilikuwa imekufa kabla ya siku ya kuandikishwa, kwa hiyo jina lililoingia ni la Béatha. Wanaume wa kijiji wakamtania Kubwimana kwamba sasa yeye ndiye ameolewa, naye akanuna msimu mzima wa maharage.

Awamu ya kwanza ikawa bati, mbuzi, na mituweli ya nyumba nzima, kalipa Béatha mwenyewe. Alipokuja Niboye baada ya hapo, alimsalimia shemeji yake, akaketi kwenye kiti, akakunja nne. Mashuka hayakufuliwa. Jioni ile Rutayisire alikuja dukani kunilalamikia kwamba pesa za bure zinaharibu watu. Nilimuuzia sabuni.

Awamu ya pili iliingia wiki ile ile ninayoisimulia. Walikuwa wameapa haitaguswa, ni ya shamba. Ndiyo maana niliposikia habari ya Fanta nilidhani mambo yametimia. Nilivaa kitenge safi nikavuka ua nikitabasamu peke yangu.

Sebuleni nilikuta watu watatu. Rutayisire alikuwa kwenye kochi lake. Kando yake aliketi Ismaël, mfanyabiashara wa Kimironko anayepeleka maparachichi nje, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, mtu mpole mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kinachoteleza. Na karibu na mlango, kwenye kigoda, alikuwa Kubwimana, vumbi hadi magotini, na mbele yake chupa ya Fanta ya machungwa, tupu kabisa.

Kreti ilikuwa miguuni pa Ismaël. Hapo nikaelewa mnunuzi ni nani.

"Karibu, mama," Ismaël alisema. "Tunamngoja yule dada anayelima, kisha tumalize kwa heri."

Nilimgeukia Kubwimana. Hakuweza kunitazama.

"Mimi nilikuwa na kiu," alisema.

Alikuwa ameteremka basi kituo cha Sonatubes, akaiogopa nauli ya pikipiki, akapanda kwa miguu juani ili amwambie kaka yake habari njema kwamba pesa imeingia. Mkewe alikuwa nyuma, anapeleka kwanza unga kwa wateja wake Kimironko. Kreti ilikuwa imetangulia, Ismaël mwenyewe hajafika. Kaka mtu akachomoa chupa, akaifungua, akampa. Kubwimana alidhani ni ya kumkaribisha ndugu. Alipoimaliza ndipo akaambiwa amekunywa nini.

"Na hukuuliza?" nilimwambia.

"Ni kwa kaka yangu, mama. Kwa kaka, mtu anauliza?"

Rutayisire alijibu badala yangu, mikono yote miwili hewani.

"Hakuna mtu amelazimisha mtu! Uwanja wa ndege iko inajengwa kule, bei imepanda, kila mtu anauza. Huyu muheshimiwa anatoa mara nne ya ile bei ya zamani. Mara nne! Mimi niko na mafundi wamesimama, nyumba haina hata dirisha. Na mdogo wangu nitamupa kitu, hatarudi mikono mitupu."

"Atarudi wapi?" niliuliza. "Si unauza anakorudi?"

Aliniangalia vibaya. Ismaël akaingilia kati kwa upole.

"Mama, pesa yangu ni ya halali, na mimi sinunui kesi. Nilishanunua kesi mara moja, mpaka leo natajirisha mawakili. Kwa hiyo nimemwambia mzee sharti langu. Kila anayeshika jembe kwenye ardhi hiyo, anywe kwa hiari yake. Akikataa mmoja tu, nachukua kofia yangu."

Basi. Shamba lote, mihogo, nyanya za bondeni, nyumba yenye bati jipya, vyote vilikuwa vimebaki kwenye koo la Béatha. Na Béatha alikuwa njiani, hajui chochote, na jua lilikuwa kali.

Niliinuka. "Ngoja nikafunge duka vizuri."

"Kaa, mama," alisema Rutayisire. "Duka haina miguu."

Nilikaa. Yeye ndiye mwenye lile duka, na mkataba wangu ulikuwa unaisha. Akanifungulia chupa, akaniwekea mkononi. Ilikuwa ya baridi, na sikuionja. Kubwimana alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja, anasugua tu, mpaka nikatamani kumpiga kofi.

Tukangoja. Ismaël alivuta tasbihi yake. Rutayisire aliongea juu ya bei ya saruji. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilinishtua.

Kisha lango likalia, na sauti ya Béatha ikasalimia uani. Aliingia na gunia tupu limekunjwa kwapani, unga umemganda mikononi hadi kwenye viwiko, jasho linamtiririka shingoni. Alitushika mkono mmoja mmoja kwa heshima, akaketi mkekani karibu na mumewe. Alikuwa anahema. Rutayisire hakupoteza hata dakika. Alichomoa Fanta, akaifungua kwa kifungulio cha kwenye funguo zake, kizibo kikaanguka sakafuni, na chupa akaiweka mbele ya mgeni wake.

"Kunywa, Béatha. Joto ni nyingi."

"Asante, muramu," alisema. Ndivyo wanavyomwita shemeji huku. Akapeleka mkono.

Nilimtazama Kubwimana. Sema, mwanaume! Aliishika chupa yake tupu, akaizungusha mkononi. Aliyekunywa hana mdomo, na yeye aliamini hivyo kwa damu yake yote.

Mimi nilijenga nyumba Kamachumu kwa pesa za dagaa, kwenye kiwanja cha shemeji. Mume wangu alipofariki niliambiwa nichukue sufuria zangu. Nilichukua. Ile siku nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo imenikaa kifuani kama mwiba wa samaki miaka yote hii. Béatha alikuwa ameshaishika chupa.

"Béatha, hiyo ni Fanta ya shamba!"

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mkono wake ulisimama. Aliitazama kreti, akamtazama Ismaël, kisha akaiona chupa tupu ya mumewe. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika polepole vile.

"Umekunywa?" alimuuliza mumewe.

Kubwimana aliinamisha kichwa.

"Mama Eustadia," Rutayisire alisema taratibu, "wewe nilikuita kuwa shahidi."

"Ndiyo nashuhudia," nilisema. Nikaiweka chupa yangu chini, imejaa.

Béatha naye aliiachia yake. Alijifuta mikono kwenye kanga yake, akamgeukia Ismaël.

"Kaka, wewe unanunua shamba letu?"

"Nanunua kwa mwenye hati, dada yangu. Ila nataka radhi yako. Ukinywa, nakuombea heri. Usipokunywa, sikulaumu."

"Atakunywa," alisema Rutayisire. "Huyu ananijua. Nani alilipa mituweli yenu? Mtoto wako wa pili alipolazwa, nani alikuja na pikipiki? Nani alileta mahindi?"

"Ni wewe, muramu. Mungu akulipe."

"Basi kunywa!"

"Hapana."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nimekaa nchi hii muda mrefu, na sikuwahi kumsikia mwanamke akikataa kinywaji cha mwenye nyumba usoni pake. Ni tusi kubwa. Hata mimi niliyekuwa upande wake nilihisi aibu kidogo. Rutayisire aliisukuma chupa kumkaribia zaidi, akaisukuma tena, mpaka ikagusa goti lake. Béatha aliketi vilevile, koo linamcheza kwa kiu. Angeweza kuomba maji. Hakuomba. Gesi ya soda ilichemka mbele yake.

Ismaël ndiye aliyemaliza. Aliweka tasbihi mfukoni, akasimama.

"Mzee, nilikuambia. Kreti mnywe tu, sasa ni sadaka." Akamwinamia Béatha kidogo, akavaa viatu mlangoni, akaondoka. Tulisikia gari lake likiwaka.

Nilidhani Rutayisire atampiga mtu. Alisimama dirishani, mgongo kwetu, akiangalia vyumba vyake visivyo na madirisha. Alipogeuka alikuwa amevimba shingo.

"Haya. Umefukuza mnunuzi. Iko vizuri. Tuma hiyo pesa yako ya Bazungu. Bei ya kindugu, kama nilisema kwa matanga. Mimi sigeuki. Lakini tuma leo, sasa hivi, mbele ya shahidi. Isipoingia leo, Jumatatu naleta mwingine, mtu wa kuangalia hati tu, na wewe sitakuita kunywa."

Nilidakia. "Tuma, mwanangu! Tuma kabla hajabadilika!" Nilikuwa karibu kupiga vigelegele. Kubwimana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, macho yamemlowa.

Béatha alitoa simu kutoka kifuani, ile ndogo ya vibonyezo, akabonyeza. Nilimwona akiingiza namba ya Rutayisire, kisha kiasi. Ikabaki namba ya siri tu. Kidole chake gumba kilikaa juu ya vibonyezo, hakikushuka.

"Muramu," alisema, "karatasi itaandikwa jina la nani?"

"La Kubwimana. La nani tena?"

"Na mimi?"

"Wewe nani?" Rutayisire alicheka, kicheko kikavu. "Kwa sekta mmeandikishwa? Hamjaandikishwa. Ng'ombe ilitoka hapa ikaenda kwa baba yako? Haikutoka. Wewe ulikuja tu na mfuko wako. Shamba ya baba yetu siwezi andika kwa jina ya mugeni."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyouma. Huku mke aliyeandikishwa ndoa sekta, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, huingia kwenye hati pamoja na mumewe, sheria haina mzaha. Lakini Béatha na Kubwimana walianza kuishi pamoja kama wengi wasio na kitu wanavyoanza, bila sherehe, bila mahari, wakisema tutaandikishwa tukipata. Baba yake Béatha, kwa kuwa hakuletewa ng'ombe, hajawahi kukanyaga kwa binti yake wala kuonja chakula chake. Wajukuu wake huwaona sokoni.

Simu ilijizima mwanga mkononi mwake. Alianza kubonyeza upya, akaingiza namba, akaacha tena. Mimi niliyekuwa napiga kelele za tuma, tuma, nilijiziba mdomo kwa kiganja. Pesa yote ile, iliyokuja kwa jina lake, ingeingia kwa Rutayisire na kugeuka shamba la Kubwimana. Kubwimana si mbaya. Mume wangu pia hakuwa mbaya, alikufa tu.

"Mama, nifanye nini?" aliniuliza.

Sikujua. Akituma, amelima kwa watu. Asipotuma, Jumatatu hana pa kulima.

Kubwimana akasimama. Alisimama vibaya, kigoda kikaanguka nyuma yake, na hakukiokota.

"Kaka," alisema, "ng'ombe ya Béatha ilikuwa utoe wewe."

Rutayisire aligeuka.

"Unasema nini?"

"Baba alipokufa ulibaki wewe ndiye baba. Shamba ulichukua kama baba. Na ng'ombe ya kuoa mdogo wako, inatoka kwa nani? Si kwa baba?" Sauti yake ilikuwa inapasuka, akaendelea hivyo hivyo. "Mimi sikukudai. Kila mwaka nilikuwa nasema, mwaka huu nitamuuliza kaka. Halafu unalipa mituweli, nanyamaza. Mwaka mwingine tena nasema, unalipa, nanyamaza. Nilikuwa na aibu. Mwaka huu tumelipa sisi wenyewe. Leo ninakuuliza."

Alisogea mpaka mbele ya kaka yake.

"Nimekunywa, ndiyo, kama mujinga. Nitalipa faini ya wazee, nitaleta pombe, wataninena. Lakini pesa ni ya Béatha. Kama yeye hayuko kwa karatasi, na mimi siko. Uza, kaka. Tutang'oa bati tuhame."

Béatha alimtazama mumewe akiwa bado ameketi pale chini, na nadhani alikuwa anamwona mtu ambaye alishakata tamaa ya kumwona. Kisha aliirudisha simu kifuani.

"Sikiliza, muramu," alisema. "Tutakwenda sekta tuandikishwe. Wanabandika majina kwanza, ni wiki kadhaa, siwezi kuwaharakisha. Siku tutakayotia sahihi, siku hiyo hiyo utatia sahihi na wewe shamba liende kwa majina mawili, na pesa itaingia kabla hujaweka kalamu chini. Sitakupunguzia hata faranga. Ukitaka kuuza Jumatatu, uza. Ila usitupe tena kitu cha kunywa."

Nilimwangalia Rutayisire nikisubiri radi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani nitahamishia wapi magunia yangu ya dagaa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mzee mnene aliyevaa ndala. Aliketi. Hakuketi kwenye kochi lake, aliketi pale alipokuwa ameketi Ismaël, akiikodolea macho sakafu. Nilisikia watoto wa jirani wakicheza mpira kwenye ukuta, na kila ulipogonga nilijua bado hajajibu.

"Baba yako," alisema hatimaye, bila kuinua uso, "iko bado mzima?"

Béatha alishtuka. "Mzima. Amezeeka, lakini mzima."

"Wapi?"

"Ruhuha, huko huko Bugesera."

Rutayisire alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya safari. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Anakunywaga nini?"

Mimi sikuelewa upesi. Béatha alielewa. Huku hakuna anayekwenda kwa baba wa msichana mikono mitupu, kinywaji hutangulia, ng'ombe hufuata, na anayekipeleka ni mzazi wa kijana. Mwanamke yule aliyekataa, akatukanwa, akashikilia simu ile, alijifunika uso kwa kanga yenye unga akaanza kulia kwa sauti. Nikalia na mimi, sina haya ya kusema.

Kubwimana ndiye aliyejibu. "Pombe ya ndizi. Ile tamu. Meno yake yameisha."

"Jumapili ijayo," alisema Rutayisire. Kisha akamtazama mdogo wake, na sauti yake ikashuka. "Utakuja kunichukua, unionyeshe njia. Mimi kule sijafikaga hata siku moja."